Kompyuta Kuukuu na Linux Nyepesi: Uzito Uko Wapi Hasa?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Mtumiaji wa nyumbani aliyejiandikisha aliongezewa mwaka mmoja tu. Windows 11 nayo haipokei kila mashine. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, kizazi kilichoingia sokoni mwaka 2017. Kompyuta nyingi zilizoundwa kabla ya hapo zimeachwa nje, hata zile zinazowaka vizuri, zenye skrini safi na kibodi nzima.

Kwetu jambo hili si dogo. Ukipita Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, kompyuta mpakato ambayo mwalimu au mwanafunzi anaimudu mara nyingi ni ya mtumba: imetumika miaka kadhaa katika ofisi za ng'ambo, ikasafishwa, ikaletwa. Ni HP EliteBook, Dell Latitude au ThinkPad, mashine imara zilizotengenezwa kwa kazi za kutwa nzima. Mwenye nayo sasa ana njia tatu. Anaweza kubaki na Windows 10 isiyopata viraka vya usalama, huku hatari ikiongezeka kila mwezi. Anaweza kumwomba fundi ampigie windo mpya kwa kuruka masharti yake, mara nyingi kwa nakala iliyochakachuliwa ambayo huenda imeingia na virusi vyake. Au anaweza kuhamia Linux, mfumo endeshi wa programu huria.

Makala haya yanapima njia hiyo ya tatu. Swali ambalo watu huanza nalo ni, "Linux ipi ni nyepesi kuliko zote?" Kwa maoni yangu swali hilo linawahi mno. Kinachoamua kama kompyuta kuukuu itafanya kazi miaka mingine mitano ni RAM, diski, kivinjari, na mtu atakayeitunza. Jina la distro, yaani toleo la Linux utakalochagua, linafuata baada ya hayo manne.

Mashine inaganda kwa nini?

Kompyuta ikiganda, mwenyewe hulaumu prosesa. Lakini kwa kazi za kuandika barua, kusoma nyaraka na kujaza fomu, hata Core 2 Duo ya mwaka 2006 ina nguvu ya kutosha. Wakosaji wa kweli huwa wawili: RAM ndogo na diski ya kuzunguka.

RAM ndiyo meza ya kazi. Ikijaa, mfumo endeshi hulazimika kuhamishia sehemu ya data diskini ili kupata nafasi, kisha kuirudisha inapohitajika, kama mpishi mwenye meza finyu anayekimbilia stoo kila anapotaka sufuria nyingine. Diski ya kuzunguka ina kichwa kinachosogea juu ya sahani, na kila safari ya kutafuta data huchukua milisekunde kadhaa. Safari hizo zikifika maelfu, taa ya diski inawaka bila kuzima na kipanya kinagoma. Diski ya SSD haina kiungo kinachosogea, hivyo hujibu ndani ya sehemu ndogo sana ya milisekunde moja.

Kwa sababu hiyo, mtu mwenye bajeti ya kifaa kimoja anunue SSD kabla ya kitu kingine chochote. Ya GB 120 au 240 inatosha kabisa, na inaingia katika karibu kila mpakato wenye mlango wa SATA. Mashine za zamani zina SATA ya kizazi cha pili, ambayo haipitishi zaidi ya takriban MB 300 kwa sekunde. Hilo lisikutishe, kwa kuwa faida kubwa ya SSD kwa kazi za kawaida iko kwenye wepesi wa kutafuta data.

Fedha ya pili iende kwenye RAM. RAM ya aina ya DDR3 hupatikana kwa mafundi wanaovunja mashine mbovu. Kabla ya kununua, hakikisha ubao mama wako unapokea kiasi gani: baadhi ya kompyuta za enzi za Core 2 Duo zenye chipu za Intel 945 hutambua takriban GB 3 tu hata ukichomeka 4.

Kuna hatua ya tatu isiyogharimu hata senti. Tangu mwaka 2014 kiini cha Linux kimekuwa na zram, mbinu ya kubana data ndani ya RAM yenyewe kabla ya kufikiria kuipeleka diskini. Prosesa hufanya kazi kidogo zaidi, lakini kubana data ndani ya RAM ni haraka mno kuliko kusubiri diski. Kwenye mashine ya GB 2 tofauti inaonekana siku hiyo hiyo. Ajabu ni kwamba distro nyingi hazijaiwasha zenyewe. Fundi anatakiwa kuiweka na kuiwasha.

Madaraja matatu ya mashine

Ukishajua RAM na aina ya prosesa, uchaguzi wa distro hupungua sana.

Daraja la kwanza ni mashine za biti 64 zenye GB 4 au zaidi. Hapa hakuna haja ya kujinyima. Linux Mint yenye eneokazi (desktop) la Xfce, Xubuntu, MX Linux au Debian yenye Xfce zote zitakaa vizuri. Linux Mint yenyewe hutaja GB 2 kuwa kiwango cha chini na GB 4 kuwa kiwango cha kutumia kwa raha. Angalia pia muda wa masasisho. Mint 22 itasasishwa hadi mwaka 2029, ilhali Xubuntu na Lubuntu 24.04 hupewa miaka mitatu, yaani hadi 2027. Kwa ofisi ya kijiji au shule ambayo fundi hufika kwa nadra, tofauti hiyo ya miaka ni muhimu kuliko kuokoa MB mia moja za RAM.

Daraja la pili ni mashine za biti 64 zenye GB 2. Hapa wepesi unaanza kuwa na maana. Lubuntu, Debian yenye LXQt, au antiX ndizo za kufikiria, pamoja na SSD na zram. Bila SSD, daraja hili litamchosha mtumiaji hata uweke distro gani.

Daraja la tatu ni mashine za GB 1 au pungufu, na zile za biti 32. Hapa ukweli usemwe wazi: muda wake unakwisha. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Debian 12 ya mwaka 2023 ndiyo ya mwisho kuwa nacho. Google iliacha kutoa Chrome ya biti 32 kwa Linux mwaka 2016, na mwaka 2025 Mozilla nayo ikatangaza kuachana na Firefox ya biti 32 kwa Linux. Bado antiX 23, iliyojengwa juu ya Debian 12, ina toleo la biti 32. Puppy Linux, aliyoianzisha Barry Kauler mwaka 2003, hupakiwa yote ndani ya RAM na inaweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi. Mashine ya daraja hili ipewe kazi zisizotegemea intaneti: kuchapa, kusoma vitabu, kusikiliza masomo yaliyorekodiwa.

Usimhukumu mtu kuwa yuko daraja la tatu bila kupima. Wapo wengi wanaodhani mashine zao ni za biti 32 kwa sababu tu fundi aliwawekea Windows ya biti 32. Washa Linux kutoka kwenye flashi, fungua terminali, andika `lscpu`, usome mstari unaotaja aina za biti. Core 2 Duo zote ni za biti 64.

Eneokazi: Xfce, LXQt, au dirisha tupu

Watu huona distro kama kitu kimoja, lakini ndani yake kuna tabaka. Chini kabisa kuna kiini alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi jijini Helsinki. Juu kabisa kuna eneokazi: menyu, upau wa chini, madirisha, kidhibiti cha mafaili. Kiini hakitofautiani sana kati ya distro na distro. Tofauti ya wepesi inayoonekana kwa macho hutoka kwenye eneokazi na kwenye huduma zinazowaka nyuma ya pazia.

Xfce ilianzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996. Waundaji wake hawakimbilii mitindo mipya, na utulivu huo ni baraka kwa mashine kuukuu: aliyeizoea miaka kumi iliyopita ataitambua leo. Menyu iko kwenye kona, programu zilizofunguliwa zimepangwa kwenye upau, na aliyetoka Windows 7 hahitaji kufundishwa upya. LXQt ni mrithi wa LXDE iliyoanza mwaka 2006. Lubuntu ilihamia LXQt mwaka 2018. Ni nyepesi kidogo kuliko Xfce, na mpangilio wake nao unafahamika. Ngazi ya chini zaidi ni IceWM, Fluxbox au Openbox, ambazo hushughulikia hasa madirisha na kukuachia mengine uyapange mwenyewe. antiX hutumia njia hiyo, na ikiwa imewaka bila programu yoyote hula RAM chini ya nusu ya ile inayoliwa na Mint yenye Xfce.

Nusu gigabaiti hivi unayookoa ina thamani kubwa kwenye mashine ya GB 1, ina thamani kiasi kwenye GB 2, na kwenye GB 8 haina thamani yoyote. Hapo ndipo wapenzi wa Linux hukosea wanapomsaidia mzee au mwalimu mkuu. Humwekea mfumo mwepesi kupindukia kwenye mashine yenye uwezo, naye hajui aongeze vipi sauti wala aunganishe vipi Wi-Fi. Baada ya wiki mbili anamtafuta fundi amrudishie windo yake. Wepesi kwa mashine ukiwa ugumu kwa mtumiaji, mradi umeanguka.

Kivinjari ndicho mzigo wa leo

Kazi nyingi zilizokuwa zikihitaji programu ya Windows zimehamia kwenye tovuti. Marejesho ya kodi, maombi ya vyuo, mikopo ya wanafunzi, matokeo ya mitihani, barua pepe, mikutano: vyote vinafunguka kwenye kivinjari, na kivinjari cha Linux kinavifungua kama cha Windows. Ndiyo sababu kuhama leo ni rahisi kuliko miaka ishirini iliyopita. Lakini kivinjari hicho hicho ndicho kinachojaza RAM. Tovuti moja ya habari yenye matangazo na video zinazojicheza inaweza kula RAM nyingi kuliko eneokazi zima la Xfce. Ukiweka distro nyepesi kuliko zote duniani kisha ukafungua tovuti kumi na tano kwa pamoja, mashine ya GB 2 itaganda kama ilivyoganda na Windows.

Kwa hiyo kazi ya kuiwepesisha kompyuta inaendelea baada ya kusakinisha. Weka kizuia matangazo kama uBlock Origin kwenye Firefox: matangazo yanayozuiwa hayapakuliwi, na hivyo unaokoa RAM, prosesa na bando kwa pamoja. Zoea kufunga kurasa usizozitumia. Kwa video, elewa kwamba chipu za picha za zamani zilijengwa kufungua muundo wa H.264, wakati YouTube hupenda kutuma VP9 au AV1. Chipu isipoujua muundo, mzigo wote huangukia prosesa, feni inapiga kelele na picha inakatikakatika. Kiongezo cha h264ify huilazimisha YouTube kutuma H.264. Ukishusha pia ubora hadi 480p au 720p, mashine ya mwaka 2011 inacheza somo la saa nzima bila kuhangaika.

Siku ya kusakinisha

Hatua zenyewe si nyingi. Nakili mafaili yako yote mahali pengine. Pakua distro, iandike kwenye flashi kwa Rufus, balenaEtcher au Ventoy, washa mashine na uchague kuanza na flashi: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP. Ijaribu kwanza ukiwa kwenye flashi, bila kugusa diski. Jaribu sauti, Wi-Fi, mwanga wa skrini na kufunga kifuniko. Kitu kikikataa hapo, kitakataa na baada ya kusakinisha, na ni afadhali ujue mapema.

Mitego ni minne. Wa kwanza ni Wi-Fi: baadhi ya kadi, hasa za Broadcom, zinahitaji programu ya ndani isiyo huria. Tangu Debian 12, kisakinishi cha Debian huja na programu za aina hiyo, na tatizo limepungua, lakini weka tayari waya wa mtandao au simu ya kugawa intaneti kwa USB.

Wa pili ni betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama. Kwenye mashine za mtumba mara nyingi imekufa, na kila ukizima umeme tarehe inarudi miaka mingi nyuma. Matokeo yake kivinjari kinakataa tovuti kwa madai kwamba vyeti vyake si halali, na masasisho yanagoma. Watu hulaumu Linux, kumbe tiba ni betri inayouzwa kwenye duka la saa.

Wa tatu unawahusu wanaotaka kubaki na Windows na Linux pamoja. Windows huhesabu kwamba saa ya mashine ni saa ya mahali ulipo, Linux huhesabu kuwa ni saa ya dunia, na kwetu mifumo hiyo hupishana kwa saa tatu kamili. Zima pia kipengele cha Windows cha kuwaka haraka, maana huiacha diski ikiwa imelala nusu, na Linux haiwezi kuandika humo kwa usalama.

Wa nne ni vumbi. Mpakato wa miaka kumi ambao feni yake haijawahi kusafishwa hupata joto, na prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue. Hakuna distro itakayotibu hilo. Fungua, safisha, badilisha dawa ya joto iliyokauka juu ya prosesa.

Kazi za ofisini na mipaka yake

LibreOffice hufungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel, na kwa barua, ripoti, mihtasari na mitihani inatosha. Malalamiko makubwa ni kurasa kuvurugika faili linapopelekwa steshenari kuchapwa. Mara nyingi chanzo ni fonti: Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft na hazimo kwenye Linux. Sakinisha Carlito na Caladea, fonti zenye vipimo vilevile vya herufi, na mistari itakatika palepale ilipokatika kwenye Word. Kwa faili la kuchapwa tu, litoe kuwa PDF na umalize ugomvi.

Iko mipaka ambayo mshauri mwaminifu lazima aitaje. Ofisi inayotegemea Tally au QuickBooks ya kusakinishwa, mbunifu anayeishi ndani ya Photoshop, au mchoraji wa ramani anayetumia AutoCAD asihamishwe kwa shauku ya fundi. Printa nazo zichunguzwe kabla: nyingi za HP na Epson hutambulika kirahisi, lakini zipo modeli, kama Canon LBP2900, zinazotumia lugha zao zenyewe na kumsumbua mtu kwenye Linux. Ofisi ya namna hiyo inaweza kubakiza mashine moja ya Windows yenye masasisho kamili kwa kazi hizo maalumu, nyingine zote zikahamia Linux.

Mtunzaji

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Nchi yetu ilikuwa na wataalamu walioona mapema kwamba programu huria zinaweza kuwa zetu. Teknolojia haikuwa kikwazo wakati ule, na si kikwazo leo. Tulichokosa ni mafundi wa kutosha mitaani wanaojua Linux kama wanavyojua kupiga windo, na shule zinazoweza kuwaita.

Kwa shule, faida ni kubwa ajabu. Maabara yenye kompyuta kumi za mtumba inaweza kuwekewa mfumo mmoja, wenye mpangilio mmoja, bila kulipia leseni wala kupambana na virusi vya flashi za wanafunzi, ambavyo vingi viliandikwa kwa ajili ya Windows. Mashine moja inaweza kuhifadhi masasisho kwa apt-cacher-ng na kuzigawia nyingine, ili bando litumike mara moja tu. Kiwix huleta Wikipedia, pamoja na ya Kiswahili, ikasomeka bila intaneti. Na mashine zikiwa dhaifu kabisa, mradi wa LTSP, ulioanza mwaka 1999, huziwezesha kuwaka kupitia mtandao wa ndani kwa kutumia mfumo uliowekwa kwenye mashine moja yenye nguvu, hata zikiwa hazina diski.

Mambo haya yote yanahitaji mtu anayeyajua na anayefikika. Asipokuwepo, kompyuta itaishia stoo, na baadaye jaani. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kila mpakato unaoongezewa miaka mitano ya kazi ni mzigo mmoja usiofika huko, na ni fedha za kigeni zisizotumika kununua mwingine.

Hukumu

Linux nyepesi kwenye kompyuta kuukuu ni njia nzuri, na kwa watu wengi wenye mashine za mwaka 2010 hadi 2017 ndiyo njia bora waliyo nayo. Lakini ifuatwe kwa mpangilio wake. Pima RAM na biti. Nunua SSD. Safisha feni na badilisha betri ya saa. Washa zram. Mwenye GB 4 achukue Mint ya Xfce, mwenye GB 2 achukue Lubuntu, na mwenye pungufu achukue antiX akijua mipaka ya mashine yake. Kisha mfundishe mtumiaji kufunga kurasa asizozihitaji, na umwachie namba ya fundi atakayepokea simu.

Mafundi wetu wana nafasi kubwa hapa. Anayejua kuwasha mashine kutoka kwenye flashi, kugawa diski na kurudisha mafaili ya mteja tayari ana ujuzi mwingi unaohitajika. Kilichobaki ni kuzijua distro mbili tatu kwa undani na kuwaambia wateja ukweli kuhusu kila moja. Vyuo vya ufundi vikiliingiza somo hilo kwenye mafunzo ya matengenezo ya kompyuta, mashine ambazo Microsoft imezifungia mlango zitabaki mikononi mwa wanafunzi wanaozihitaji.